Unga Mweusi Katika Saruji: Mfanyakazi Aulize Nini?

Katika safari yetu ya hivi karibuni baina ya Busia na Tororo tulikutana na swali ambalo tumeona si vema kulinyamazia. Tulikuwa tumeketi na wenzetu wapakizi karibu na mpaka wa Busia, wakingoja lori la saruji. Kijana mmoja alisema amesoma katika simu yake habari za unga mweusi uliopatikana Ulaya. Ukitiwa kidogo tu katika saruji, zege huwa na nguvu zaidi, hata mjenzi aweza kupunguza saruji yenyewe. Mzee mmoja ambaye zamani alifanya kazi kwenye tanuri kule Tororo akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Sasa mwanangu, ikiwa saruji itatumika kidogo, wewe utapakia nini?"

Watu wakacheka. Sisi hatukucheka, kwa maana swali la mzee ni swali la haki. Mara nyingi mfanyakazi husikia habari za kitu kipya siku kitu hicho kinapoteremshwa kutoka kwenye lori, na wakati huo mambo yote yamekwisha kuamuliwa. Kwa hiyo tumeona tueleze mapema unga huo ni nini, unafanya kazi gani, na sisi tunaoshika koleo na kubeba mifuko tunapaswa kuuliza nini.

KINYWE NA PENSELI YA MTOTO

Unga huo waitwa grafini. Kuufahamu hakuhitaji shule kubwa. Chukua penseli ya mtoto. Kile cheusi kilicho ndani yake si risasi wala si mkaa wa jikoni. Ni madini yaitwayo grafaiti, ambayo ndugu zetu wa Tanzania huyaita kinywe, yaliyochanganywa na udongo wa mfinyanzi. Kinywe ni kaboni tupu, jamaa mmoja na makaa na almasi.

Kwa nini penseli huandika? Kwa sababu kinywe kimejengwa kwa tabaka nyembamba sana zilizolaliana kama chapati katika sahani. Kila chapati ni imara, lakini chapati na chapati hazikushikana sana. Unapopitisha penseli juu ya karatasi, chapati za juu huteleza zikabaki kwenye karatasi, na hiyo ndiyo alama nyeusi tunayoiona. Fundi wa mashine ajua jambo hili kwa njia nyingine, maana unga wa kinywe hutumika kulainisha vyuma vinavyosuguana mahali ambapo mafuta yangeungua.

Basi grafini ni chapati moja tu ya kinywe, peke yake. Chembe zake za kaboni, yaani atomu, zimepangika katika pembe sita sita kama sega la nyuki, na unene wake ni atomu moja. Ukitaka kufikisha unene wa milimita 1 itakubidi upange tabaka kama milioni 3.

Kwa miaka mingi wataalamu walijua kwamba tabaka hizo zipo, lakini wengi waliamini tabaka moja haiwezi kukaa peke yake bila kujikunja na kuharibika. Mwaka 2004 wanasayansi wawili wazaliwa wa Urusi, Andre Geim na Konstantin Novoselov, waliokuwa wakifanya kazi katika Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, walifanya jambo ambalo hata mtoto angeweza kulijaribu. Walibandika utepe wa gundi juu ya kinywe, wakaubandua, wakaukunja na kuubandua tena na tena, kila mara tabaka zikipungua, mpaka wakapata vipande vya tabaka moja. Mwaka 2010 walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya fizikia.

NGUVU YAKE

Mwaka 2008 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani, walipima nguvu ya tabaka hiyo kwa kuibonyeza kwa ncha ndogo mno, wakakuta ya kwamba hakuna kitu kilichokuwa kimepimwa kabla ya hapo chenye nguvu kuishinda. Kwa unene ule ule, huhimili mvuto mkubwa kuliko chuma cha pua kwa mara nyingi sana. Hupitisha umeme vizuri. Hupitisha joto kuliko shaba. Hujikunja bila kuvunjika. Hewa haipenyi ndani yake. Nayo ni nyepesi kiasi kwamba gramu 6 hivi, kama zingetandazwa tabaka moja moja, zingetosha kufunika uwanja mzima wa mpira.

Hapa tuseme neno la tahadhari. Sifa hizi ni za tabaka moja safi, isiyo na kasoro, iliyopimwa katika maabara. Unga unaouzwa kwa kilo una vipande vidogo vidogo, vingine tabaka moja, vingine tabaka kumi au zaidi. Atakayekuambia kwamba mfuko wake una nguvu zote tulizozitaja, huyo anafanya biashara.

Hata hivyo unga huo umekwisha kuingia viwandani. Mwaka 2018 kampuni ya magari ya Ford ilitangaza kwamba inautia katika sponji za sehemu za injini ili kupunguza kelele na kustahimili joto. Tabaka zake hutumika kupoza simu, nao hutiwa katika rangi za kuzuia kutu. Kinywe chenyewe kimo ndani ya kila betri ya kawaida ya lithiamu, pamoja na zile zinazoendesha pikipiki za umeme. Sisi wa mpakani tuna sababu ya kulijua hilo, maana jina la bodaboda lilizaliwa hapa hapa kwetu, katika miaka ya 1960, watu walipobebwa kwa baiskeli kutoka boda moja hadi boda nyingine.

UNAINGIAJE KATIKA SARUJI?

Sasa turudi Tororo. Kiwanda cha saruji cha Tororo kilianza mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakati bwawa la Owen Falls lilipokuwa likijengwa kule Jinja, na kikapita kutoka mikono ya serikali kwenda kwa wenye mali binafsi katika miaka ya 1990. Waliokifanyia kazi wajua njia ya saruji. Jiwe la chokaa husagwa pamoja na udongo, huchomwa katika tanuri kwa joto la nyuzi 1,450 hivi, hutoka klinka, na klinka husagwa pamoja na jasi kidogo. Kazi hiyo hula makaa au mafuta mengi. Isitoshe, jiwe la chokaa lenyewe likichomwa hutoa hewa ya kaboni, nyingi kuliko hata ile inayotoka kwenye moto. Kwa ajili hiyo saruji ya dunia nzima huhesabiwa kutoa asilimia 7 hadi 8 ya hewa ya kaboni inayotokana na kazi za binadamu, na serikali na wenye viwanda wanatafuta njia ya kutumia klinka kidogo.

Hapo ndipo grafini inapoingia. Saruji haikauki kama tope linavyokaukia juani. Inapokutana na maji huota fuwele ndogo sana zinazoshikana kama mizizi ya nyasi, na huko kushikana ndiko kunakofanya zege kuwa gumu. Vipande vya grafini vikisambaa vizuri katika maji ya kuchanganyia, fuwele hupata mahali pengi pa kuanzia kuota, zikasongamana zaidi. Nyufa ndogo zinazotaka kuanza nazo huzuiwa, na maji hupenya kwa shida.

Mwaka 2018 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, walitangaza kwamba zege lao lenye grafini lilistahimili mgandamizo kwa asilimia 146 zaidi ya zege la kawaida. Mwaka 2020 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Rice, Marekani, walisema kwamba walitia grafini sehemu 1 kwa kila sehemu 1,000 za saruji, nayo ikaongezeka nguvu kwa asilimia 35 hivi. Hebu tufanye hesabu kwa kipimo tunachokijua mabegani mwetu. Katika mfuko wa kilo 50, sehemu 1 kwa 1,000 ni gramu 50. Mtu aweza kuzishika katika kiganja kimoja.

Mwaka 2021 jambo hili lilitoka maabara likaenda kwa mafundi. Huko Amesbury, Uingereza, ilimwagwa sakafu ya jumba la mazoezi kwa zege lenye grafini, na wajenzi wakasema wamepunguza vifaa kwa asilimia 30 hivi kuliko sakafu ya kawaida.

HATA MIWA

Wenzetu wa mashamba ya miwa upande wa Busia na Mumias wasidhani kwamba habari hizi ni za watu wa saruji peke yao. Kaboni iko pia katika sukari. Mwaka 2010 wataalamu wa Rice walitengeneza grafini kwa sukari ya kawaida ya mezani, wakiipasha joto juu ya kipande cha shaba. Mwaka uliofuata wakaitengeneza kwa biskuti, kwa majani, hata kwa mguu wa mende, ili kuonyesha kwamba chenye kaboni chochote chafaa. Na ile grafini ya mwaka 2020 tuliyoitaja ilipatikana kwa kupitisha umeme mkali ndani ya makaa, plastiki au mabaki ya chakula kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, joto likafika karibu nyuzi 2,700.

Hatusemi kwamba kesho makapi ya miwa yatanunuliwa kwa bei ya dhahabu. Twasema tu kwamba takataka ya kiwanda cha leo yaweza kuwa mali ya kesho. Siku hiyo ikifika, wanaoibeba wawe wamekwisha kujua thamani yake.

KWA NINI HAUJAJAA MADUKANI?

Kuna sababu tatu kubwa. Ya kwanza ni bei. Ya pili ni ugumu wa kuusambaza, kwa maana vipande vya grafini hupenda kurudiana na kuganda, navyo vikiganda havina faida katika zege. Ya tatu ni udanganyifu. Mwaka 2018 wataalamu waliokuwa wakifanya kazi Singapore walitangaza matokeo ya kupima bidhaa za makampuni 60 ya nchi mbalimbali yaliyodai kuuza grafini. Nyingi zilikuwa na grafini chini ya asilimia 10, na kilichobaki kilikuwa kinywe cha kawaida kilichosagwa. Mkulima aliyewahi kuuziwa mbolea ya bandia hahitaji kufafanuliwa jambo hili.

Kwa hiyo yule mzee wa Busia asipoteze usingizi usiku wa leo. Lakini asilale mchana pia.

VUMBI

Kwa maoni yetu, jambo zito kuliko yote ni vumbi. Tunasema hivyo kwa sababu tumewahi kuletewa kitu cha ajabu cha kuchanganya na saruji. Kiliitwa asbesto. Hakikuungua, hakikuoza, kilikuwa rahisi, na kilifanya bamba la saruji kuwa jepesi na imara. Afrika Mashariki nzima shule, nyumba za reli na nyumba za wafanyakazi ziliezekwa kwa mabamba hayo, na mengine yangali juu ya paa mpaka leo. Mafundi waliyakata kwa msumeno, vumbi likaingia puani.

Mwaka 1930 wakaguzi wa serikali ya Uingereza waliandika ripoti wakionyesha kwamba vumbi la asbesto linaharibu mapafu ya wafanyakazi. Uingereza yenyewe iliipiga marufuku kabisa mwaka 1999. Hesabu miaka hiyo: ni 69. Mtu aliyeajiriwa akiwa kijana mwaka wa ripoti alikuwa amekwisha kuzeeka au kuzikwa.

Hatusemi kwamba grafini ni asbesto. Hilo lingekuwa kusema uongo. Nyuzi za asbesto ni kama sindano, na grafini ni kama jani. Mwaka 2024 wataalamu wa vyuo vikuu vya Edinburgh na Manchester walitangaza kwamba watu 14 waliojitolea walivuta, kwa uangalifu mkubwa, aina moja safi ya grafini kwa muda wa saa 2, wala hawakuonekana kupata madhara ya haraka katika mapafu au moyo. Hiyo ni habari njema. Lakini saa 2 katika maabara si sawa na miaka 20 katika chumba cha kupakia, na aina moja safi si sawa na kila unga utakaoletwa na kila mfanyabiashara. Tena ijulikane kwamba wachimbaji na wasagaji waliovuta vumbi la kinywe kwa miaka mingi wamepata maradhi ya mapafu. Na saruji yenyewe, hata bila grafini, huunguza ngozi ikiwa mbichi, na vumbi lake huchokoza kifua.

Kuna jambo moja la kututuliza. Unga ukiwa umechanganywa katika maji kabla ya kufika kazini, haupeperuki. Hatari kubwa ni wakati wa kufungua mfuko mkavu, kumimina, kufagia, na baadaye kukata au kusaga zege lililokwisha kukauka. Kwa hiyo uletwe ukiwa katika maji. Sakafu isifagiliwe kavu. Chumba kiwe na mashine ya kuvuta vumbi, na barakoa iwe ya kweli. Kipande cha fulana kilichofungwa usoni hakizuii vumbi jembamba namna hii.

Sheria iko upande wetu. Uganda ina sheria ya usalama na afya kazini ya mwaka 2006, na Kenya ina yake ya mwaka 2007. Kwa sheria ya Kenya, mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi panapaswa kuwa na kamati ya usalama na afya, na wanaoleta vitu vya hatari wanapaswa kutoa karatasi ya maelezo ya usalama wa vitu hivyo. Karatasi hiyo isifungiwe katika kabati la meneja. Isomwe mbele ya watu, kwa lugha wanayoifahamu.

NA KAZI JE?

Turudi kwa swali la mzee. Kama mfuko mmoja utafanya kazi ya mfuko mmoja na nusu, je, mikono itapunguzwa?

Hatuwezi kumdanganya mtu. Kiwanda kinachohitaji klinka kidogo kitawasha tanuri kidogo kwa kila tani ya zege inayojengwa. Lakini nchi zetu bado zinajenga, na simiti ikishuka bei, wengi wanaoishi katika nyumba za udongo watajenga za kudumu. Upande upi utashinda mwingine, hilo litaamuliwa na watu. Sayansi peke yake haiwezi kuliamua. Faida ya gramu 50 zile yaweza kuingia yote katika mfuko wa mwenye kiwanda, au sehemu yake yaweza kwenda katika mafunzo, mishahara na vifaa vya usalama. Jambo hilo hupatikana katika mkataba wa pamoja, nalo hujadiliwa kabla mashine haijafungwa.

Wenzetu wa Nakuru wametuachia somo. Betri ya tochi ya zamani ina kijiti cheusi katikati, nacho ni kaboni, jamaa wa kinywe. Kiwanda cha betri cha Eveready kilianzishwa Nakuru mwaka 1967 na watu wakalelewa kwa mshahara wake. Mwaka 2014 kilifungwa, na kampuni ikasema kimeshindwa na betri rahisi zinazotoka nje. Dunia haikuacha kutumia betri. Inazitumia leo kuliko wakati wowote, ila zinatengenezwa kwingine, kwa namna nyingine, na kinywe chake chaweza kuwa kimetoka katika ardhi yetu wenyewe: Mahenge na Ruangwa huko Tanzania, au Balama huko Msumbiji. Hata Uganda inacho, katika milima ya Orom wilayani Kitgum. Jiwe linatoka katika gunia, linarudi likiwa betri, na tofauti ya bei inabaki huko lilikopitia.

MASWALI MATATU

Ndugu wafanyakazi, hatuwaombi muukatae unga huu, wala hatuwaombi muupigie makofi. Tunaomba kila tawi liwe na maswali matatu tayari, ili siku mgeni akifika na mfuko mweusi asitukute midomo wazi.

Kwanza: ndani ya mfuko huu mna nini, nani amepima, na karatasi yake iko wapi?

Pili: vumbi lake litazuiwa kwa njia gani, na nani atatupima mapafu mwaka hadi mwaka?

Tatu: kinachookolewa ni kiasi gani, na sehemu yetu ni ipi?

Tulipokuwa tukiagana na wale wapakizi lori lilikuwa limefika. Yule kijana akatia simu yake mfukoni, akatandika gunia begani, akainama kupokea mfuko wa kwanza. Yule mzee alibaki ameketi, akakohoa kwa muda mrefu, kisha akatuambia: "Siku zetu hakuna aliyeuliza. Waandikieni hawa waulize."

Nasi tumeandika.